Shule ya mtoto wa mgeni: walivyochagua wazazi Waislamu wa Bujumbura, tangu enzi ya chuo hadi leo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, kila mwaka ikifika Julai na Agosti, kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Septemba, swali linalozunguka hapa kwetu Cibitoke ni moja: mtoto tumpeleke wapi? Cibitoke tunayoisema ni kartie ya kaskazini mwa mji wa Bujumbura, upande wa Ngagara, Kamenge na Kinama, si ile Cibitoke ya mbali iliyo karibu na mpaka wa Kongo na Rwanda. Hapa tunaishi mchanganyiko. Wapo Warundi wenyeji, wapo waliozaliwa Tanzania wakarudi na wazazi wao, wapo Wakongo waliovuka kutoka Uvira na milima yake, na tupo sisi tuliofuata kazi au biashara na ambao hatujui mwaka kesho Mola atatupangia mji gani.

Mimi niliingia na familia yangu kutoka Kigoma. Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la tano. Shule tuliyomwandikisha ilimpokea vizuri, lakini baada ya wiki mbili tukaitwa, tukaambiwa arudi darasa la tatu, kwa kuwa Kirundi hakijui na Kifaransa hakijui. Hesabu alizijua kuliko wenzake, ila maswali hakuyaelewa. Alilia sana. Kosa halikuwa la mwalimu, lilikuwa langu. Niliuliza karo, nikauliza umbali, nikatazama kama uzio ni mzuri. Sikuuliza wanafundisha kwa lugha gani, wala cheti chao kitampeleka wapi tukihama tena.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za waliotutangulia hapa mjini. Nimeona kwamba swali hili si geni hata kidogo. Waislamu wa Bujumbura wengi wao walikuja kama wageni, na kila kizazi kililazimika kulijibu kwa namna yake. Nimeona ni vyema tuisome historia hiyo pamoja, kwani ndani yake mna faida kwa mzazi anayechagua shule leo.

Watoto wa muhajirina wa Habasha

Tuanze na waja wema waliotangulia. Katika mwaka wa tano wa utume, sawa na mwaka 615, baadhi ya maswahaba walihamia Habasha kwa kukimbia mateso ya Makka. Walikaa ugenini miaka mingi, na kundi la mwisho, likiongozwa na Ja'far bin Abi Talib (r.a.), lilirudi Madina mwaka wa saba wa Hijra, wakati wa Khaybar. Hizi zilikuwa familia za Waislamu zinazoishi nchi za watu, chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yao, na watoto wao walizaliwa na kukulia huko.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Umm Khalid bint Khalid (r.a.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alipofika Madina akiwa bado mdogo, Mtume (s.a.w.) alimvika vazi lenye nakshi, kisha akalisifu vazi lile kwa neno la Kihabeshi, lugha ambayo binti yule aliizoea. Hakumwambia kwamba lugha ile ni ya ugenini aisahau. Alimkaribisha nyumbani kwa lugha aliyotoka nayo.

Tena tunajua kuwa baada ya vita vya Badr, mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na ambao hawakuwa na mali, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Na Zaid bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda wa nusu mwezi hivi. Kwa hiyo kusoma kwa mwalimu asiyekuwa Muislamu, au kusoma lugha ya wengine, si jambo la aibu katika dini yetu. Linalotazamwa ni kama mtoto anabaki na dini yake, na kama elimu ile itamfaa yeye na umma wake. Tubaki na mizani hiyo tunapoingia katika habari za mji wetu.

Chuo, shule ya kwanza iliyosafiri

Waislamu wa mwanzo katika mwambao huu wa ziwa Tanganyika walikuwa wafanyabiashara wa misafara: Waarabu wa Oman na Zanzibar, Waswahili wa pwani, Wamanyema wa Kongo ya mashariki, na watu wa Ujiji. Hatufichi kwamba misafara ile ilibeba pembe za ndovu na ilibeba pia watumwa, na hilo ni jambo la kusikitisha katika historia yetu. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa Ujiji na alijaribu kuipenya Burundi, lakini watu wa Mwami Mwezi Gisabo walimzuia. Ndiyo maana Uislamu hapa ulikaa zaidi kandokando ya ziwa, Rumonge na Usumbura, na haukupanda sana milimani. Mwaka 1897 Wajerumani wakajenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, na nyuma ya askari wakaja wachuuzi, mafundi na wapagazi, wengi wao Waislamu wasemao Kiswahili. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari za watu hawa ziliongezeka.

Watu hawa walisomeshaje watoto wao? Kwa chuo, yaani chuo cha Qur'ani. Ndugu msomaji, sisi tumezoea kukiona chuo kama kibanda cha jirani chenye mkeka na ubao, lakini hebu tukitazame kwa jicho la mgeni. Mtoto aliyeanza alifu-bee-tee Bagamoyo, akahamishiwa Tabora, kisha Ujiji, kisha Usumbura au Kasongo, kila alipofika alikuta herufi zile zile, juzuu amma ile ile, namna ile ile ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa wakubwa kitabu kile kile cha fiqhi, Safinat an-Najah cha Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut. Alipoulizwa umefika wapi, alijibu sura, na maalim akaendelea naye kutoka pale. Hakurudishwa madarasa mawili nyuma!

Kwa hakika, kama shule ya kimataifa maana yake ni shule ambayo masomo yake yanahama pamoja na familia, basi chuo ndiyo shule ya kwanza ya kimataifa katika mji huu. Kilikuwa na mtaala mmoja toka pwani hadi Kongo, lugha moja, na ada ambayo hata maskini aliimudu.

Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao ulikuja kutuumiza. Chuo kilimpa mtoto dini na adabu, lakini hakikumpa karatasi ambayo serikali mpya za kikoloni ziliitambua.

Misheni: cheti kwa bei ya jina

Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka uliofuata. Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916, na baadaye kuitawala Ruanda-Urundi kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, waliiacha elimu ya wenyeji kwa kiasi kikubwa mikononi mwa misheni na kuilipia ruzuku. Shule kubwa kuliko zote, Groupe Scolaire ya Astrida, mji unaoitwa Huye leo huko Rwanda, ilianzishwa mwaka 1929 chini ya mabruda wa Kikatoliki. Huko ndiko walikotoka makarani, waganga wasaidizi na watoto wa machifu waliokuja kushika nchi.

Sasa mzazi Muislamu wa Usumbura alikuwa na njia gani? Katika shule ya misheni mtoto alisoma katekisimu pamoja na hesabu, na njia ya kupanda juu mara nyingi ilipitia kwenye ubatizo. Aliyekwenda Juma angeweza kurudi Joseph. Kwa wazazi wengi jambo hili halikuwa na mjadala, waliwabakiza watoto chuoni na dukani. Wachache waliwapeleka, wakawa wanawasomesha dini usiku nyumbani, na baadhi ya watoto hao walibaki katika dini yao na wengine hawakubaki.

Tusiwalaumu waliokataa. Walilinda kilicho kikubwa kuliko kazi ya ukarani. Lakini pia tuseme ukweli kuhusu gharama yake. Wakati wa uhuru ulipokaribia, Waislamu wa Buyenzi walikuwa wafanyabiashara hodari, madereva, makanika, mafundi cherehani, ila waliokuwa na cheti cha sekondari walikuwa wachache mno. Biashara ilikuwa yao, ofisi zilikuwa za wengine. Upungufu huo ulichukua vizazi kupunguzwa.

Kwingineko Waislamu walipata njia ya tatu, nayo ni kujijengea shule. Zanzibar, jamaa wa Kiismaili walianza shule zao mwaka 1905 chini ya Aga Khan wa tatu, wakaanza na shule ya wasichana. Mombasa, kwa michango ya Aga Khan huyo huyo, ya Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar na ya wengine, ikajengwa taasisi ya elimu ya ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ikaanza kufundisha mwaka 1951. Taasisi hiyo imepita mikono mingi, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Usumbura ilikuwa chini ya Wabelgiji na lugha yake ya shule ilikuwa Kifaransa, hivyo faida ya majengo yale haikutufikia sana. Hili nalo ni somo: shule nzuri iliyo upande wa pili wa mpaka wa lugha ni kama haipo.

Geneva na Usumbura

Hapa nataka wanafunzi wetu watulie kidogo. Shirikisho la Mataifa, lile lililowapa Wabelgiji dhamana ya kutawala Urundi, makao yake yalikuwa Geneva, Uswisi. Wafanyakazi wake walitoka nchi nyingi na walikuwa na tatizo kama letu: watoto wao wasome kwa mtaala wa nchi gani? Mwaka 1924 wakaanzisha Shule ya Kimataifa ya Geneva. Ni katika shule hiyo na nyingine za aina yake ambamo wazo la diploma moja ya kimataifa lilikomaa, na mwaka 1968 ikaundwa rasmi diploma ya IB, inayotambuliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Katika Afrika Mashariki shule za namna hiyo zilikuja baada ya uhuru. International School of Tanganyika ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na International School Moshi mwaka 1969, ikihudumia familia za madaktari wa hospitali ya KCMC. Aga Khan Academy ya Mombasa ilifunguliwa mwaka 2003, nayo inafundisha kwa mtaala wa IB.

Lakini miaka ile ile ambayo maofisa wa Geneva waliwatafutia watoto wao shule isiyobagua taifa, katika mji waliouweka chini ya dhamana yao watoto walitenganishwa kwa rangi. Wazungu wa Usumbura walikuwa na shule zao, na mtoto wa Kiafrika hakuingia. Mgeni alikuwapo wa aina mbili. Mbelgiji aliyetoka Liège alikuwa mgeni anayejengewa shule. Mswahili aliyetoka Ujiji alikuwa mgeni anayehesabiwa na kuwekewa kijiji chake.

Mlango unafunguka

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1950. Wayesuiti walianzisha Collège du Saint-Esprit ya Usumbura, iliyopokea wanafunzi wa rangi zote. Mwaka 1954 Auguste Buisseret, mliberali, akawa waziri wa makoloni wa Ubelgiji, naye akapanua shule za serikali zisizokuwa za dini, jambo lililowaudhi wamisheni sana. Usumbura ikapata athénée ya serikali. Kwa familia ya Kiislamu hii ilikuwa nafasi ya kwanza ya kusema: mtoto wetu atasoma Kifaransa na sayansi, atapata cheti, na jina lake litabaki Ramadhani.

Na miaka hiyo hiyo akatokea Mwanamfalme Louis Rwagasore. Yeye mwenyewe alisoma Astrida, kisha Ubelgiji, lakini aliporudi hakuwakimbia Waswahili wa Buyenzi. Mwaka 1957 alianzisha chama cha ushirika cha wafanyabiashara, na wachuuzi Waswahili walikuwa nguzo zake. Walikuwa pia miongoni mwa waungaji mkono wa mwanzo wa chama cha UPRONA. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Wazee wa Buyenzi walimlilia kama mtoto wao. Ninalitaja hili kwa sababu vijana wengine hudhani Waislamu wa mji huu walikuwa watazamaji tu. Walishiriki kuijenga nchi kwa mali na kwa nafsi zao, hata kama hawakuwa na vyeti.

Wakimbizi: mitaala miwili, milango miwili

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mageuzi ya mwaka 1973 yaliifanya Kirundi kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya mwanzo, na Kifaransa kikashika kuanzia darasa la tano. Mtoto wa Buyenzi aliyekuwa akisema Kiswahili nyumbani alianza shule kwa lugha ya pili, akaendelea kwa lugha ya tatu, na jioni akasoma dini kwa Kiarabu. Waliofaulu katika hali hiyo, maashaallah, tuwape haki yao.

Lakini somo kubwa zaidi lilitoka kwa wale waliokimbia. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwatoa Warundi wengi hadi Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania, msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 vikatoa wimbi jingine. Kartie zetu hizi za kaskazini, Cibitoke ikiwemo, ziliumia vibaya mwaka 1994 na 1995, majirani wakatengana na nyumba zikabaki magofu. Allah asiturudishe huko. Wakimbizi wa wimbi hili la pili, walioingia kambi za Kigoma, walisomeshwa kwa mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, ingawa walikuwa ndani ya ardhi ya Tanzania.

Kwa nini tofauti hiyo? Kwa sababu wa kwanza walitazamiwa kukaa, na wa pili walitazamiwa kurudi. Shule ilichaguliwa kwa kutazama mlango wa kutokea.

Kisha ikaja saa ya hesabu. Tangu mwaka 2002 zaidi ya Warundi nusu milioni walirejea nchini. Waliotoka kambini watoto wao waliendelea na masomo kwa urahisi zaidi. Waliotoka makazi ya zamani, waliorejea hasa mwaka 2008 na 2009, walikuta watoto wao wanajua Kiswahili na Kiingereza lakini Kifaransa hawana, na vijana wa sekondari wakajikuta hawana pa kukaa. Upande wa pili, zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale waliomba uraia wa Tanzania na wakakubaliwa. Kwao mtaala wa Tanzania ulikuwa baraka tupu, kwa sababu mlango wao ulikuwa ule ule. Elimu moja, kwa huyu ikawa ufunguo na kwa yule ikawa kufuli.

Hata ndugu zetu waliokwenda Oman walipitia haya. Mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi, Oman ilikuwa na shule 3 tu zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Waomani wasemao Kiswahili, waliotoka Zanzibar, na miongoni mwao wakiwemo waliotokea Bujumbura, walirudi na elimu na Kiingereza na wakapata kazi haraka. Watoto wao ndio waliotakiwa kuanza upya kwa Kiarabu cha shuleni. Baba alifaidika na shule aliyotoka nayo, na mtoto akailipia kwa jasho.

Hali ya leo

Kuanzia mwaka 2005 elimu ya msingi ya serikali Burundi haina karo, na tangu 2013 imekuwa ya miaka 9, ile tunayoiita ekofo. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili na Kiingereza vikaingizwa katika shule za msingi. Lugha yetu, iliyokuwa ikionekana ya sokoni na ya Buyenzi, ikapata daftari na mwalimu. Kongo nayo ikaingia Jumuiya mwaka 2022. Mwaka 2017 nchi za Jumuiya zilitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili vyeti vya vyuo vitambuliwe kwa urahisi toka nchi moja hadi nyingine. Mpaka wa lugha niliousema umepungua, haujaondoka.

Kwa familia ya mgeni hapa Bujumbura leo, njia ni nne. Ya kwanza ni shule za nchi za mbali, kama École Belge na École Française, zinazofuata mitaala ya Ubelgiji na Ufaransa, pamoja na za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Ya pili ni shule zinazofuata mtaala wa Kongo, ambazo wanafunzi wake hufanya mtihani wa serikali ya Kongo. Watu hawaziiti za kimataifa kwa kuwa hazina bustani wala basi, lakini kwa mtoto wa Uvira ambaye babake anatarajia kurudi, ndiyo shule ya kimataifa hasa. Ya tatu ni ekofo, ambayo kwa anayetarajia kubaki Burundi ina mlango wa moja kwa moja hadi chuo kikuu cha nchi. Ya nne ni kumrudisha mtoto bweni au kwa ndugu huko kwao, Kigoma, Ujiji au kwingineko.

Lipo pia jambo la fedha na utulivu. Mwaka 2015 ghasia zilipotokea, nasi wa Cibitoke tuliziona mbele ya milango yetu, mashirika mengi yaliondoa familia za wafanyakazi wao. Shule inayotegemea watoto wa mabalozi hutikisika ndege zinapoondoka. Na mwaka 2023 Benki Kuu ilishusha sana thamani ya faranga. Mzazi anayelipwa kwa faranga na kutozwa karo iliyopigiwa hesabu ya dola au yuro anaweza kumtoa mtoto katikati ya mwaka, na kumtoa mtoto katikati ni kubaya kuliko kutompeleka kabisa shule hiyo.

Tunajifunza nini?

Kwa maoni yangu historia hii inatupa maswali matano ambayo mzazi ayaulize kwa direkta kabla ya kutoa hata faranga moja.

1. Mlango wa kutokea uko wapi? Cheti chao kinatolewa na nani, na nchi tunayotarajia kwenda kinatambuliwa? Uliza mwanafunzi wao wa mwisho aliyehama alipokelewa darasa gani.

2. Lugha ya kufundishia ni ipi, na mtoto asiyeijua anasaidiwaje? Kama hakuna msaada, mtafutie mwalimu wa lugha miezi mitatu kabla. Hili lingeniokoa mimi.

3. Dini yake itakaaje? Uliza kuhusu swala ya adhuhuri na Ijumaa, chakula, hijabu ya binti, mavazi ya kuogelea, na masomo ya dini nyingine kama ni ya lazima. Uliza kwa upole na mapema, shule nyingi hukubali jambo lililoombwa kwa adabu kabla ya mwaka kuanza.

4. Tutaimudu miaka mingapi? Piga hesabu hadi darasa la mwisho, si mwaka mmoja, na kwa watoto wote, wasichana kwa wavulana. Tusimpeleke mvulana shule ya gharama na dada yake tukamwambia asubiri.

5. Chuo chake kitakuwa saa ngapi? Hapa ndipo wazee wetu waliposhika kamba vizuri. Wale waliobaki na dini ndani ya shule za watu walikuwa na chuo jioni, na mama aliyewasomea nyumbani. Shule yoyote utakayochagua, kama ratiba yake haiachi nafasi hata ya saa moja ya Qur'ani, jua kwamba unalipa bei ile ile waliyoikataa babu zetu, ila safari hii hakuna aliyekulazimisha.

Na nyinyi wanafunzi, mkihamishwa na mkarudishwa darasa msione haya. Zaid bin Thabit alianza lugha mpya kama mtoto anayejifunza herufi. Binti yangu naye alikaa katika darasa lile la tatu kwa mwaka mmoja, mwaka uliofuata wakamvusha mawili kwa pamoja. Leo Kifaransa chake kinazidi changu mbali sana, na juzuu zake hazikupungua, alhamdulillah. Ila ule mwaka aliolia ningeweza kumwepusha nao kwa swali moja tu.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awahifadhie dini yao popote watakapokuwa, na awape wazazi wetu waliotangulia malipo mema kwa walichokilinda. Amin.

Wabillahi tawfiq.